Honda CB750 iliyopunguzwa uzito: kusoma dalili hadi kwenye chanzo

Honda CB750 ya kwanza, ya mwaka 1969, ilikuwa na uzito mkavu wa kilo 218. Kuishusha chini ya kilo 200 nyumbani bila kufungua injini kunawezekana: eksozi moja yenye mabomba manne badala ya eksozi nne kamili, betri ndogo, rimu za alumini, madigadi fupi, kiti chepesi, stendi ya kati kuondoka. Kazi ya kuvua ni ya wikendi moja au mbili. Inayochosha ni ile inayofuata, pikipiki inapoanza kufanya mambo ambayo haikuwahi kuyafanya ilipokuwa nzito.

Chanzo huwa karibu kila mara ni kilekile. Kipande kilichoondolewa kilikuwa na kazi ya pili ambayo haionekani kwa macho. Madigadi ya mbele si ya kuzuia tope tu. Boksi la hewa si la kushikilia filta tu. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kabureta au koili, andika orodha ya vitu vyote ulivyoondoa au kubadilisha, kwa mpangilio wa tarehe, halafu anza na cha mwisho. Aliyebadilisha vitu sita kwa mpigo atatafuta tatizo mara sita.

Vipimo vilivyomo humu ni vya CB750 zenye kamshafti moja, aina ya K, za 1969 hadi 1976. Za 1977 na 1978 zina kabureta za namna nyingine, na ile sehemu ya kabureta isitumike kwazo. Vifaa vya kuwa navyo: multimita, filagaji (vibamba vya kupimia mapengo madogo), rula, mkanda wa karatasi wa kubandika, na mizani mbili za kupimia watu. Weka gurudumu moja juu ya kila mizani, shikilia pikipiki iwe wima, andika uzito wa mbele na wa nyuma. Fanya hivyo kabla ya kuvua na baada ya kuvua. Namba hizo utazihitaji tukifika kwenye shokapu.

Betri mpya nyepesi inakufa baada ya safari fupi

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na ndilo linalotatuliwa vibaya kuliko yote. Mtu ametoa betri ya asili ya ampea 14 kwa saa, yenye uzito wa zaidi ya kilo 4, akaweka ya lithiamu ya kilo moja. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi. Baada ya foleni ya nusu saa, taa ya mbele inafifia, injini inamisi, kisha inazima, na kiki haisaidii.

Kiki haisaidii kwa sababu alteneta ya CB750 haina sumaku ya kudumu. Sumaku yake inatengenezwa na koili inayolishwa na betri yenyewe. Betri ikishuka sana, sumaku inapotea, alteneta haizalishi kitu, na koili za plagi nazo hazina umeme. Pikipiki nyingine huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa, lakini si hii.

Sasa fanya hesabu. Koili ya sumaku ina ukinzani wa takriban ohm 7, kwa hiyo inakula karibu ampea 1.8. Koili mbili za plagi, zikiwa na platini (miguso inayokata na kuunganisha umeme wa koili) za kawaida, zinakula wastani wa karibu ampea 3. Taa ya mbele ya wati 50 inakula ampea 4 na kitu. Jumla ni karibu ampea 9. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kupewa mafuta, alteneta hairudishi kiasi hicho, na kinachopungua kinatoka kwenye betri. Betri ya asili iliweza kuvumilia foleni. Ya lithiamu iliyoandikwa kwamba ni sawa na ya ampea 12 kwa saa mara nyingi ina ampea 4 halisi ndani yake, maana hiyo namba kubwa inahusu nguvu ya kuwasha stata, haihusu akiba. Soma maandishi madogo.

Upimaji uende hivi. Betri imechajiwa na kupumzika saa kadhaa: lithiamu ya fosfati ya chuma iliyojaa inasoma takriban volti 13.3. Ikisoma 12.8 imekaribia kuisha, ingawa kwa betri ya risasi namba hiyo ingekuwa nzuri kabisa, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Washa injini, iache ipate moto, ipandishe hadi mizunguko 5000 kwa dakika. Volti kwenye nguzo za betri ziwe kati ya 14 na 14.5.

Zikibaki chini ya 13, washa swichi bila kuwasha injini, kisha sogeza bisibisi ya chuma karibu na bolti zilizo katikati ya kifuniko cha alteneta, upande wa kushoto. Utahisi bisibisi inavutwa. Isipovutwa, koili ya sumaku haipati umeme au imekatika. Chomoa plagi ya alteneta, pima ohm kati ya waya nyeupe na ya kijani: ukipata karibu 7 koili ni nzima, na kosa liko kwenye regulata au njia ya kuifikia. Multimita ikionyesha kwamba njia imekatika, koili imekufa. Bisibisi ikivutwa vizuri na bado hakuna chaji, pima waya tatu za njano mbili mbili. Zote zisome sawa, na hakuna hata moja inayotakiwa kugusana na mwili wa injini.

Volti zikipita 14.8, zima injini. Regulata ya asili ni ya mitambo, ina ulimi unaofunga na kufungua, na ikichoka inaweza kuruhusu volti 15 na zaidi. Betri ya risasi huchemka na kupoteza maji, lakini ya lithiamu inavimba. Weka regulata ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya alteneta yenye koili ya sumaku. Ukinunua ile ya pikipiki za kisasa zenye sumaku ya kudumu haitafanya kazi hapa hata ikikaa vizuri kwenye fremu, na fundi asiyejua tofauti hiyo atakubadilishia regulata tatu kabla ya kukubali.

Kama kila kitu kinasoma sawa na betri bado inaisha kwenye foleni, punguza matumizi. Taa ya nyuma na za dashi ziwe za LED, na taa ya mbele pia iwe ya LED yenye wati 20 hivi. Hapo umeokoa zaidi ya ampea 2, na kwa alteneta ya zamani huo ni umeme wa maana. Usiweke balbu ya halojeni ya wati 60 kwa sababu tu inaingia kwenye soketi.

Jambo moja la haraka kabla hatujaondoka kwenye umeme: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri. Fremu iliyopakwa rangi upya haipitishi umeme kwenye mashimo ya bolti. Weka multimita kwenye volti za betri, ncha moja kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye mwili wa injini, halafu bonyeza stata. Ikizidi volti 0.2, kwangua rangi, weka waya nene ya ethi moja kwa moja toka betri hadi injini. Fanya vivyo hivyo kwa bati la regulata.

Inakohoa ukifungua mafuta, inapiga mishindo ukifunga

Boksi la hewa limeondoka, kila kabureta imepewa filta yake ya koni. Hapo umebadilisha kiasi cha hewa, mwendo wa hewa, na utulivu wa hewa vyote kwa pamoja. Boksi lilikuwa linazipa kabureta nne hewa moja iliyotulia. Koni nne zilizo wazi zinakula upepo wa pembeni kila moja kivyake, ndiyo maana pikipiki inaweza kwenda vizuri kwenye upepo wa mbele na kumisi lori likikupita.

Kabla ya kununua jeti (kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta) hata moja, toa koni na angalia mdomo wa kabureta ya Keihin ya milimita 28. Zaidi ya tundu kubwa kuna vitundu vidogo pembezoni mwa mdomo, ambavyo ndivyo njia za hewa za jeti. Mdomo wa mpira wa koni nyingi za bei ndogo ni mnene kwa ndani, na ukikaza klipu unavifunika vitundu hivyo kwa nusu au kabisa. Dalili yake ni ya ajabu: kabureta moja au mbili zinajaza mafuta, nyingine ziko sawa, na hakuna jeti itakayorekebisha. Kata ukingo wa ndani wa mpira kwa wembe, kidogo kidogo, hadi uvione vitundu vyote ukichungulia.

Kisha tafuta ni eneo gani la resi lenye tatizo. Bandika mkanda wa karatasi kwenye mshiko wa resi na kwenye nyumba ya swichi, chora alama ya kufunga, robo, nusu, robo tatu, na kufungua kote. Endesha na uone inakohoa kwenye alama ipi.

Kufunga hadi moja ya nane ni kazi ya jeti ndogo na skrubu ya hewa. Anza na skrubu ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja kutoka kukazwa kabisa. Kwenye kabureta hizi skrubu inatawala hewa: ukiikaza unaongeza mafuta, ukiilegeza unapunguza. Watu waliozoea kabureta nyingine hugeuza upande usiofaa na kuapa kwamba injini imekufa.

Robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano. Shusha klipu nafasi moja, ili sindano iinuke, kama kuna upungufu wa mafuta. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kuu. Za asili ziko kati ya 105 na 120 kutegemea mwaka. Ukiwa na koni na eksozi ya nne kwa moja, anza kwa kupanda namba 5 juu ya iliyokuwemo, kisha 5 nyingine, ukijaribu kila hatua. Usiruke kutoka 105 hadi 130 kwa sababu mtu fulani alisema.

Jaribio la haraka la kujua kama mafuta ni machache au mengi: kwenye mwendo unaoleta kasoro, vuta choki kidogo sana. Injini ikipata nguvu, mafuta ni machache. Ikizidi kuzama, ni mengi. Thibitisha kwa plagi: endesha mafuta yakiwa wazi kwenye gia ya tatu, shika klachi na zima swichi kwa wakati mmoja, simama, toa plagi. Nyeupe kama chokaa maana yake injini inaungua kwa ukosefu wa mafuta. Hapo usiendelee kuendesha kwa kasi, maana pistoni hutoboka. Nyeusi na kavu kama masizi ni mafuta mengi. Kahawia ya maziwa ni sawa. Plagi ni NGK D8EA, pengo milimita 0.6 hadi 0.7.

Plagi nne zikitofautiana, usiguse jeti kwanza. Kagua urefu wa floti, ambao ni milimita 26, mipira kati ya kabureta na injini, na ulinganifu wa kabureta kwa geji za vakumu. Plagi za silinda 1 na 4 zikiwa pamoja mbaya, au 2 na 3, acha kabureta kabisa: jozi hizo zinashiriki koili na platini. Pengo la platini liwe milimita 0.3 hadi 0.4.

Mishindo kwenye eksozi unapofunga mafuta mara nyingi haitoki kwenye kabureta. Ni hewa inayoingia kwenye maungio ya eksozi na kichwa cha injini. Ukiweka eksozi mpya weka na gasketi mpya za shaba, hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Bolti za pale ni za milimita 6 kwenye alumini ya zamani, na zikikatikia ndani utazitoa kwa drili. Kaza mbili mbili kwa zamu, takriban Newton mita 10, washa injini hadi ipate moto, acha ipoe, kaza tena. Kama ilikuwa inavuja, utaona masizi meusi kuzunguka shingo.

Usukani unapinda ukishika breki, au unatikisika kwa kasi

Diski ya mbele ya CB750 iko upande wa kushoto pekee. Ukishika breki, mguu wa kushoto wa shokapu unavutwa nyuma na wa kulia haujui kinachoendelea. Kilichokuwa kinaifunga miguu hiyo miwili pamoja ni madigadi ya chuma na upinde wake. Ukiyatupa na kuweka ya plastiki, au kuacha wazi, umeondoa daraja. Ndiyo maana usukani unavuta kushoto kwenye breki kali na kucheza kwenye kona yenye mashimo.

Dawa ni upinde wa alumini unaofunga miguu yote miwili. Lakini usikazwe kwa nguvu ya kulazimisha. Legeza bolti za upinde, legeza vibano vya ekseli upande mmoja, shika breki ya mbele, bonyeza shokapu juu chini mara kumi hivi hadi miguu ijipange, kisha kaza ekseli, halafu upinde. Shokapu zikikwama au kupanda kwa mshtuko baada ya hapo, upinde una kipimo kisicholingana. Upime kwa filagaji na uweke wosha nyembamba, au uchonge.

Mtikisiko wa usukani kwa kasi ni jambo jingine. Anza na beringi za shingo. Inua gurudumu la mbele hewani, sukuma usukani kidogo: uanguke wenyewe hadi mwisho pande zote mbili, bila kusita katikati. Ukisita katikati, vikombe vya beringi vina alama na vibadilishwe. Kisha shika miguu ya shokapu kwa chini na uvute mbele nyuma. Ukisikia mchezo, kaza nati ya shingo.

Hapa ndipo namba za mizani zinapoingia. Ukivua kiti kizito, madigadi ya nyuma, betri na stendi, uzito mwingi umetoka nyuma. Ukaweka usukani mfupi wa chini, na mwili wako umehamia mbele. Springi za nyuma ziliandaliwa kubeba watu wawili, sasa zinabeba mmoja na pikipiki nyepesi. Nyuma inakaa juu, mbele inazama, pembe ya shingo inasimama wima zaidi, na pikipiki inakuwa na wasiwasi. Wengine wanaongeza kosa kwa kuteremsha shokapu za mbele milimita 40 kwenye vibano ili ionekane ya mashindano. Milimita 10 utaisikia. Zaidi ya hapo, rudisha kwanza kabla hujatafuta mchawi.

Pima kuzama. Pikipiki ikiwa imeinuliwa, magurudumu hewani, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye fremu moja kwa moja juu yake. Ishushe, keti kwa mkao wako wa kuendesha huku mtu akishikilia, pima tena. Tofauti iwe karibu milimita 25 hadi 30 nyuma, na milimita 35 hadi 40 mbele. Nyuma ukipata milimita 12, teremsha pete ya springi hadi nafasi ya chini kabisa. Ukiwa bado chini ya 20, springi ni ngumu mno kwa uzito wako na hakuna pete itakayokuokoa. Tafuta laini zaidi. Gurudumu la nyuma linaloruka kama mpira kwenye matuta ndilo linalokuambia hivyo.

Nyuma ikiyumba kwenye kona ndefu, shika ncha ya uma wa nyuma na uusukume kulia na kushoto. Bushi za asili za uma si za chuma na huisha. Bushi za bronzi na grisi ya mara kwa mara humaliza jambo hilo.

Breki imekuwa ngumu kama ubao, au gurudumu la nyuma linafunga ovyo

Masta silinda ya asili ina kipenyo cha milimita 14. Mpya nzuri za kisasa nyingi ni za milimita 15.9 na kuendelea, kwa ajili ya diski mbili. Eneo la pistoni limeongezeka kwa karibu asilimia 29, kwa hiyo mkono uleule unazalisha shinikizo dogo zaidi. Mkono hausogei, pikipiki haisimami. Hewa kwenye mfumo hutoa dalili kinyume: mkono laini unaozama. Rudi kwenye 13 au 14.

Breki ikivuta hata ulipoachia, angalia mkono unaobeba kalipa. Kalipa hii ina pistoni upande mmoja tu, na mkono wake unazunguka kwenye pini ili pedi ya pili ifike kwenye diski. Pini ikiota kutu, pedi moja inaisha na nyingine ni mpya. Fungua, safisha, paka grisi, kisha rekebisha skrubu yenye springi hadi gurudumu lizunguke huru.

Kutoboa diski kupunguza uzito ni kawaida. Mashimo yawe kwa mpangilio unaolingana, yasisogelee kingo, na kila moja lichongwe mdomo pande zote mbili, maana ufa huanzia kwenye ukingo mkali. Kagua kila unapobadilisha pedi.

Nyuma, drami ileile sasa inabeba uzito mdogo zaidi, na wakati wa kushika breki uzito unakimbilia mbele. Haina kasoro. Badilisha pembe ya mkono wa breki ili upate msukumo mpole, na zoea kuikanyaga kidogo.

Taa ya presha ya oili haizimi, au oili inatapika kwenye bomba la kupumulia

Oili ya CB750 haikai chini ya injini. Inakaa kwenye tangi la pembeni, jumla lita 3.5. Wanaopunguza uzito huweka tangi dogo la alumini chini ya kiti. Ukishawasha na taa isizime ndani ya sekunde chache, zima. Kosa la kawaida ni mipira miwili kubadilishana, wa kupeleka na wa kurudisha. Mpira unaotoka chini ya tangi ndio wa kupeleka kwenye pampu, uwe mfupi, mpana kama wa asili, bila kupinda ghafla. Wa kurudi unaingia juu.

Pikipiki iliyosimama wiki mbili ikionyesha tangi tupu, usiongeze oili. Imevuja kupitia vali ya kuzuia kwenye pampu hadi chini ya injini. Ukijaza, utakuwa na oili nyingi kupita kiasi, na itatoka kwenye bomba la kupumulia pamoja na moshi. Washa, acha dakika mbili tatu irudi, zima, ndipo upime kwa kijiti. Ikijirudia kila mara, fungua pampu ubadilishe mpira wa vali hiyo. Tangi dogo likiwa na povu juu, bomba la kurudi linamwaga oili kutoka juu sana: elekeza mdomo wake kwenye ukuta wa tangi. Ukumbuke kwamba tangi la lita mbili linapata moto haraka kuliko la asili, na hilo halina dawa nyingine zaidi ya kipoza oili, ambacho nacho kina uzito wake.

Cheni inalia, sproketi inaliwa upande mmoja

Kubadilisha kutoka cheni ya 530 hadi 520 kunapunguza gramu za kutosha kwenye sehemu inayozunguka, na pengo kati ya pini ni lilelile, inchi 5/8. Upana ndio tofauti. Kwa hiyo sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, na kwa sababu ni nyembamba zaidi zinaweza kukaa milimita moja au mbili nje ya mstari. Weka rula ndefu kwenye uso wa sproketi ya nyuma na uone inavyogusa ya mbele. Chonga au ongeza wosha ya kipimo nyuma ya ile ya nyuma, usilazimishe kwa kupindisha gurudumu. Alama kwenye uma wa nyuma hazina uaminifu baada ya miaka hamsini. Pima kutoka katikati ya uma hadi katikati ya ekseli, pande zote. Usinunue 520 ya bei ndogo kwa injini hii. CB750 za mwanzo zilikuwa na sifa ya kukata cheni na kupasua kasha la injini, na cheni dhaifu inalirudisha jambo hilo.

Ufa karibu na palipochomelewa

Mkia wa fremu hukatwa ili kuweka upinde mfupi wa kiti. Ufa ukitokea, angalia kwanza ulikata wapi. Kata nyuma ya vishikio vya juu vya shokapu, kamwe usikate mbele yake, maana hapo ndipo mzigo wote wa nyuma unaingia kwenye fremu. Ndani ya bomba weka kipande cha bomba kinachobana, kirefu angalau sentimita 4 kila upande, kichomelewe kwenye mashimo madogo na kwenye ungio. Ungio lililochomelewa ncha kwa ncha bila kipande cha ndani litapasuka pembeni mwa mstari wa moto, ambapo chuma kimekuwa kigumu. Usizibe ufa kwa kuongeza moto juu. Kata, weka kipande cha ndani, anza upya. Na chomoa betri, regulata na kiwasho cha kielektroniki kabla fundi hajagusa mashine ya kuchomelea.

Mengine madogo yanayopoteza siku nzima

Resi inapanda ukikata kona kwenye maegesho: kebo ya resi ni fupi au imepita njia isiyofaa baada ya kubadilisha usukani. Washa injini, geuza usukani hadi mwisho pande zote na sikiliza. Usiiendeshe hivyo.

Injini inazima baada ya dakika kumi, inawaka tena ukisimama kidogo: fungua kifuniko cha tangi la petroli. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi, tundu la kupumulia limeziba.

Gundi ya kahawia kwenye bakuli za kabureta, na tangi ni la faibagilasi: petroli yenye ethanoli inayeyusha resini. Hakuna kuosha jeti kutakakomaliza hilo. Tangi libadilishwe, au lipakwe ndani kwa dawa inayohimili ethanoli kabla halijaanza kulainika.

Indiketa zote nne zinawaka pamoja baada ya kuweka za LED: dashi ina taa moja ya indiketa iliyounganishwa kati ya kulia na kushoto, na umeme mdogo unaopita humo unatosha kuwasha LED upande wa pili. Weka diodi mbili, moja kwa kila upande, na ethi kwa taa ya dashi. Kama haziwakiwaki kabisa, fleisha ya zamani inahitaji mzigo wa balbu. Badilisha kwa ya kielektroniki.

Spoku zinalia kwenye rimu mpya ya alumini: zimelegea, na ni kawaida baada ya kilomita 100 za kwanza. Gonga kila moja kwa spana ndogo. Zote ziimbe sauti inayokaribiana, na ile inayotoa sauti ya bati ikazwe robo mzunguko, si zaidi, kisha uangalie mtikisiko wa rimu kwa kipande cha waya kilichofungwa kwenye uma.